Gari Likinasa Matopeni, Simama Kwanza

Huenda wewe huna gari. Mimi pia sina. Lakini mvua zikishika, gari likanasa katika mbuga ya kijijini kwako, nani anaitwa? Ni wewe. Dereva anakuja na matope mpaka magotini, anapiga hodi, anaomba watu na majembe. Basi mnakwenda. Mnasukuma, mnapiga kelele, matope yanawarukia usoni, na gari linazidi kuzama. Mara nyingine mtu anaumia. Ndiyo sababu nimeandika habari hii. Si ya madereva peke yao. Ni ya wale wanaoitwa kusukuma.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa tatu, nilikuwa narudi kutoka kutembelea madarasa ya kisomo huko Shinyanga. Nilipata lifti katika gari la ofisi moja, Land Cruiser nzuri tu. Katika kijiji kimoja tulisimamishwa. Kulikuwa na mama ameshikwa na uchungu, wakatuomba tumfikishe kituo cha afya. Tukampakia pamoja na mama mkwe wake.

Hatukufika mbali. Kwenye bonde la mbuga gari likapunguza mwendo, likayumba, likasimama. Dereva akakanyaga mafuta. Injini ikalia. Na mimi, mtu niliyesoma chuo cha ualimu, nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Ongeza! Ongeza, linatoka!" Halikutoka. Baada ya dakika mbili hivi magurudumu yalikuwa yamezama, na tumbo la gari limekaa juu ya udongo kama kuku anayeatamia.

Watu wakaja, kama thelathini hivi. Tukasukuma. Kijana mmoja akakata tawi la mgunga akalisukumiza chini ya tairi la nyuma, na tairi lenyewe wakati huo linazunguka. Tairi likalinyakua lile tawi likalitupa nyuma kwa nguvu. Likampiga mwenzake pajani. Yule kijana hakushika jembe wiki tatu, na ilikuwa wakati wa palizi.

Hapo mzee mmoja aliyekuwa amesimama pembeni akanisogelea. Alikuwa mwanakisomo wetu wa zamani. Akaniambia, "Mwalimu, mwambie dereva azime gari. Na huyu mama asikae humu kungoja. Mkokoteni wangu uko hapo jirani."

Yule mama alikwenda kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alifika, akajifungua mtoto wa kike salama. Gari letu lilinasa saa sita mchana, likatoka saa kumi na moja jioni. Fikiria mwenyewe ingekuwaje kama tungeendelea kumwambia asubiri kidogo, linatoka sasa hivi.

Basi ukiwa na mgonjwa ndani ya gari lililonasa, jambo la kwanza si kusukuma. Ni kumtafutia njia nyingine saa ile ile: mkokoteni, pikipiki kutoka upande wa pili wa tope, machela, au simu iite gari lingine lije mpaka mahali pakavu. Wengine wabaki na gari.

Kwa nini gari linazidi kuzama?

Udongo mweusi wa mbuga tunaujua sote. Kiangazi unakauka unapasuka, mipasuko ambayo mguu wa mbuzi unaweza kuingia. Mvua ikinyesha unakunywa maji, unavimba, mipasuko inajifunga. Ukishalowa unateleza kama sabuni, na hapo hapo unang'ang'ania kama gundi. Hii ndiyo tabia yake mbaya. Chini ya tairi unateleza, lakini ubavuni mwa tairi unashika.

Sasa tairi lina meno. Yale meno yamewekwa ili yaume ardhi. Tairi likizunguka bure katika udongo huu, meno yanajaa tope na kuwa laini. Hapo tairi haliumi tena. Linachimba. Kila mzunguko unatoa udongo chini na kuutupa nyuma, na gari linashuka katika shimo linalojichimbia lenyewe. Hakuna mtu aliyelizamisha isipokuwa mguu wa dereva.

Utasikia watu wanasema, "Lakini hili ni fo wili, haliwezi kunasa." Fo wili ni lile gari ambalo injini inaweza kuzungusha magurudumu yote manne, ya mbele na ya nyuma. Ni kweli lina nguvu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwaka 1948, na gari lililokuja kuitwa Land Cruiser lilianza Japani mwaka 1951. Tangu hapo magari haya yamefika mahali ambapo magari mengine hayafiki. Lakini yana siri moja ambayo hata madereva wengine hawaijui.

Katikati ya magurudumu mawili ya mbele kuna difu, na katikati ya yale ya nyuma kuna difu nyingine. Kazi ya difu ni kugawa nguvu kulia na kushoto, ili gari likikata kona gurudumu la nje liweze kuzunguka haraka kuliko la ndani. Bila difu gari lingekata kona kwa shida. Ubaya wake ni huu: gurudumu moja likikosa cha kushika, difu ya kawaida inaacha lile linaloteleza lizunguke, na lile lililo mahali pagumu linasimama tu. Ndiyo maana unaweza kuona fo wili imenasa, tairi moja la mbele linazunguka, moja la nyuma linazunguka, na mawili yametulia kabisa kama hayahusiki. Magari mengine yana kifaa cha kufunga difu, ili kulia na kushoto yazunguke pamoja. Dereva amwulize mwenye gari kama kipo, na ajue kukitumia kabla ya kunasa, siyo baada.

Kuna jambo jingine dogo la kuchekesha, ila limewapata wengi. Baadhi ya magari haya yana kifungio katikati ya kila gurudumu la mbele. Dereva lazima ashuke akizungushe kwa mkono ndipo magurudumu ya mbele yashikane na injini. Asipofanya hivyo, hata akivuta gia ya fo wili, mbele hakuna kitu. Nimewahi kuona watu ishirini wanasukuma gari la namna hiyo karibu nusu saa. Utingo akaja, akazungusha vifungio viwili, gari likaondoka. Kwa hiyo ukifika, uliza: "Dereva, mbele umefunga?" Usione haya kuuliza.

Nchi za baridi nao wana tope lao, nalo ni theluji. Theluji sisi tunaiona kwa mbali kileleni Kilimanjaro, lakini kuna nchi inaanguka barabarani ikafika kiunoni mwa mtu. Huko gari likinasa, kanuni ni ile ile. Tairi likizunguka bure linapata joto, joto linayeyusha theluji, na yale maji yanaganda tena kuwa barafu ngumu inayoteleza kama kioo. Theluji inajishindilia chini ya tumbo la gari na kulibeba juu, magurudumu yakose kukanyaga. Nao hutoa sepetu, wakachimba chini ya tumbo, wakamwaga mchanga mbele ya matairi, wengine wakafunga minyororo kuzunguka matairi ili yaume. Huko kuna hatari nyingine kubwa: watu hukaa ndani ya gari wamewasha injini wapate joto, kumbe bomba la moshi limezibwa na theluji. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na imeua watu waliokuwa wamekaa tu. Hata kwetu, bomba likizama katika tope na watu wamo ndani, zima injini au fukua bomba kwanza.

Anza na sepetu

Haya, gari limenasa. Dereva azime. Watu wote washuke na mizigo mizito ishuke. Halafu mtu mmoja azunguke gari zima akitazama. Tairi gani limezama zaidi? Tumbo limegusa? Maji yamesimama? Pagumu pako mbele au nyuma? Mara nyingi njia fupi ya kutoka ni nyuma, kule ulikotoka, kwa sababu gari limeshapita hapo. Madereva hawapendi kurudi nyuma. Wanaona kama wameshindwa.

Kama kuna maji, yatoeni kwanza. Chimbeni mfereji mdogo kuelekea bondeni yaende zake. Kuchimba tope lililo ndani ya maji ni kupoteza nguvu, linarudi lile lile.

Kisha chimbeni chini ya tumbo la gari mpaka lining'inie. Kazi hii watu hawaipendi. Ni chafu, na haionekani kama unafanya kitu. Lakini gari likikalia tumbo, uzito wake hauko tena juu ya magurudumu, na gurudumu lisilo na uzito haliwezi kuvuta. Tumieni jembe lenye mpini mrefu au sepetu, mkiwa nje. Mtu asiingize mwili chini ya gari lililo juu ya tope, hata kama ni mwembamba namna gani.

Nitawapa hesabu moja. Jeshi la Marekani hufundisha askari wake kukadiria nguvu ya kuvuta gari lililonasa. Likizama kiasi cha magurudumu tu, inatakiwa nguvu karibu sawa na uzito wa gari lenyewe. Likizama mpaka kwenye madigadi, mara 2 ya uzito wake. Likizama mpaka kibanda cha dereva, mara 3. Sasa gari letu lile lilikuwa na kilo kama 2,800. Kwa hiyo tope linaweza kuligeuza kuwa kilo 5,600 au 8,400 mikononi mwenu. Kila sepetu ya udongo mnayotoa inapunguza hesabu hiyo. Watu watano wakichimba nusu saa wanafanya kazi kuliko watu thelathini wanaosukuma.

Mbele ya kila tairi, au nyuma yake kama mnarudi, chongeni njia ya mteremko mdogo ili tairi lipande taratibu, lisikutane na ukuta. Koboeni tope lililojaa kwenye meno ya tairi kwa kijiti au panga. Halafu tandikeni: mawe, matawi, mabua ya mtama, magunia, mbao. Vitu vya kutandika vishindiliwe mpaka vibanane na tairi, tena gari likiwa limezimwa. Dereva asiwashe mpaka aliyetandika amesimama pembeni na kuinua mkono. Kijana wetu yule asingeumia kama tungefuata neno hili moja.

Mkiwa na jeki mnaweza kuinua gurudumu na kujaza mawe chini yake. Wekeni ubao mpana chini ya jeki, maana bila ubao jeki ndiyo itakayozama na gari libaki pale pale. Ile jeki ndefu ya mpini mjihadhari nayo. Mpini ukiponyoka mkononi unaruka juu na kuvunja taya.

Kuhusu kupunguza upepo wa matairi, wengine huona ni ujinga. Siyo ujinga, ni hesabu. Gari la kilo 2,800 lina matairi 4, kila tairi linabeba kilo 700. Tairi likijazwa upepo wa kilo 2.5 kwa kila sentimeta ya mraba, gawa 700 kwa 2.5. Unapata 280. Yaani kwa kukadiria, tairi linagusa ardhi kwa sentimeta za mraba 280, pungufu kidogo ya ukurasa mmoja wa daftari lako. Ukipunguza upepo kufika nusu, unyayo wa tairi unakuwa mara mbili, karibu kurasa mbili. Mtu mwenye mguu mpana hazami upesi. Njia hii husaidia sana katika mchanga na katika theluji. Katika tope zito la mbuga husaidia kidogo tu, kwa sababu shida ya mbuga ni meno kujaa. Na ukishapunguza, endesha polepole mpaka upate pampu, maana tairi lenye upepo mdogo huharibika, na hata huweza kuchomoka kwenye ringi.

Wakati wa kuondoka dereva atie gia nzito, ile ya chini inayofanya gari litambae, lakini aondokee namba mbili badala ya moja ili magurudumu yasizunguke ghafla. Usukani uwe umenyooka. Aachie klachi taratibu. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, aondoe mguu mara moja. Siyo baada ya kujaribu kidogo zaidi. Mara moja. Kisha arudi nyuma kidogo, aende mbele kidogo, gari lijikanyagie njia. Likitoka asisimame kuwashukuru watu. Aende mpaka pakavu, ndipo arudi kwa miguu na kushukuru.

Wanaosukuma wasimame wapi?

Kusukuma magari si jambo la juzi kwetu. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimeshika. Mwaka 1963 magari 7 tu yalimaliza. Mwaka 1968 tena 7 tu. Na watu wa vijijini walikuwa wanasukuma wageni hao bila kujua hata majina yao.

Lakini sukuma kwa akili. Usisimame nyuma ya tairi moja kwa moja, kwa sababu mawe na matawi hutupwa kule. Simama katikati ya nyuma ya gari, au pembeni ukishika nguzo ya mlango. Mahali pa mteremko, ambapo gari linaweza kurudi kinyumenyume, nyuma pasiwe na mtu kabisa. Awe mtu mmoja tu wa kutoa amri. Wakiwa watatu, mmoja atasema "Haya!" na mwingine "Ngoja!", na dereva atamsikia mmoja wao. Watoto wakae mbali. Najua wanapenda kutazama. Watazame kutoka kwenye kichuguu.

Jambo la kuogopa kuliko yote ni kamba. Trekta au gari lingine likija kuvuta, kamba, mnyororo au waya wa chuma hukazwa kwa nguvu kubwa sana. Ukikatika, au ndoano ikichomoka, kipande kinaruka kama kombeo na kinaweza kuua. Kwa hiyo kamba ikishafungwa, kila mtu asogee mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe. Asiwepo mtu wa kuivuka wala kuikalia. Tupieni gunia lililolowa au blanketi katikati ya waya, ukikatika usiruke sana. Fungeni kwenye chasisi au kwenye ndoano iliyowekwa na kiwanda. Bampa hung'oka. Na anayevuta avute kwa kukaza taratibu, siyo kwa kurukia.

Kama gari lina winchi na kuna mti, fungeni chini kabisa karibu na mizizi, kwa mkanda mpana usiochuna gome. Mbugani mara nyingi mti hakuna. Basi chimbeni shimo la kina cha kiuno mbele ya gari, zikeni tairi la akiba likiwa limesimama na waya umefungwa katikati yake, chongeni mfereji mwembamba wa kupitisha waya, fukieni, shindilieni. Tairi lile linakuwa kama mti.

Ng'ombe je? Wanavuta vizuri, jozi mbili tatu, tena kwa nguvu iliyotulia kuliko trekta. Hivyo ndivyo letu lilivyotoka jioni ile, ng'ombe wa yule yule mzee waliporudi kutoka kituo cha afya, pamoja na jozi mbili za jirani. Tulikuwa tumechimba tangu mchana. Mnyororo uwe mrefu, kwa sababu gari likichomoka linaweza kuwafuata ng'ombe kwa kasi. Anayewaongoza atembee ubavuni mwao, mbali na mnyororo. Na dereva asipige honi! Wetu aliipiga kwa furaha, na jozi ya mbele ikakimbia na nira mpaka kwenye shamba la pamba.

Gari likiondoka mkakuta limewaachia shimo barabarani, lifukieni siku hiyo hiyo kwa mawe na kokoto, na mfereji muuache wazi maji yatoke. Usiku watapita watu wa baiskeli na pikipiki, na shimo lililojaa maji halionekani. Kama dereva bado yupo, naye ashike sepetu.